Manning, Brady, Mahomes au Lamar: ukitaka kuujua ukwotabeki, umwangalie nani?

Huku kwetu Texas kila Jumapili ni yale yale. Pilau iko jikoni, watoto wako nje, TV imewaka tangu saa sita mchana, na sebuleni kuna Mkenya mmoja, Mkongo mmoja wa Lubumbashi na sisi Wabongo watatu tunabishana nani kwotabeki mkali, mpaka sahani zinaoshwa hatujaelewana. Sasa mwaka jana ule ubishi ukapata kazi ya kufanya, maana mpwa wangu ana miaka 14 na shuleni kwao kocha kasema atamjaribu nafasi ya kwotabeki, akaja kuniuliza "Anko, nimwangalie nani kwenye video?" Nikataja mmoja, nikajikataa, nikataja mwingine, nikajikataa tena, mwisho nikamwambia nipe wiki. Hii ndo kazi ya ile wiki, nimeiandika kwa sababu najua kuna wazazi na maanko wengi huku wako kwenye kona hiyo hiyo, na kuna watu wa nyumbani wameanza kuangalia huu mpira wa Kimarekani juzi tu na hawajui waanze na nani.

Kwa mgeni, kwa kifupi: kwotabeki ni yule anayesimama nyuma ya wale watano wanene wa mbele, mwenzie anamrudishia mpira kupitia katikati ya miguu (hiyo ndo snapu), halafu ana kama sekunde mbili na nusu, akibahatika tatu, kabla hajafikiwa na jitu la kilo 120 linalomjia kama limefukuzwa na nyuki. Ndani ya hizo sekunde aamue amtupie nani, au ampe mkimbiaji, au akimbie mwenyewe, au autupe nje yaishe. Mi naona ukwotabeki wote uko hapo, kwenye hizo sekunde mbili na nusu, na hawa wanne nimewachagua kwa sababu kila mmoja kazitatua kwa njia yake. Mmoja anazimaliza kabla hazijaanza, mmoja anatulia ndani yake, mmoja anazirefusha, na mmoja anamfanya mlinzi ndo apoteze zake.

Nimewapima kwa nini

Cha kwanza kichwa. Kwenye NFL, ligi kuu ya huu mpira, kocha anaongea na kwotabeki kwa redio iliyomo ndani ya helmeti, ila saa ya kuanzisha mchezo ikibakiza sekunde 15 redio inakatwa, kuanzia hapo mtu yuko peke yake na macho yake. Anawasoma walinzi waliosimama mbele yake, nani anakuja, nani anajifanya anakuja. Hapo wengi wenye mikono ya ajabu ndo wanapofia.

Cha pili mkono, na simaanishi nguvu. Watu wanapenda kuona mpira umeruka yadi 60 lakini mkono wa kweli ni kuutuma mpira mahali ambapo risiva (mdakaji wa pasi) hajafika bado, ukamkuta kifuani, mlinzi yuko hatua moja nyuma.

Cha tatu poketi na miguu. Poketi ni kile kijumba ambacho wale watano wanakijenga kwa miili yao kumkinga kwotabeki, na kijumba chenyewe kinabomoka kila mara, swali ni unafanya nini kikianza kubomoka.

Cha nne presha, dakika za mwisho, mtoano. Cha tano mwili, yani anadumu au anakaa benchi na barafu gotini.

Pete za ubingwa sijaziweka kama kigezo, na najua hapo nimeshawaudhi watu. Pete ni ya timu, ina ulinzi ndani yake, ina kocha, ina mpiga mateke. Nitazitaja, ila sipimii.

Peyton Manning: anafanya mtihani kabla karatasi haijagawiwa

Mtoto wa New Orleans, baba yake Archie naye alikuwa kwotabeki wa Saints, kwaiyo huyu kalelewa ndani ya kazi. Drafti ya 1998 (pale timu za ligi zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu) alichukuliwa wa kwanza kabisa na Indianapolis Colts. Na msimu wake wa kwanza pasi zake 28 zilinaswa na wapinzani, ni rekodi ya mchezaji mgeni na bado imesimama, mpwa wangu nilimwonyesha hiyo namba kwanza kabla ya kingine chochote. Mtu huyo huyo akaja kuchukua tuzo ya MVP (mchezaji bora wa msimu) mara 5, hamna mwingine aliyefika hapo. (Mkenya wetu wa sebuleni akisikia Colts tu lazima amlete Daniel Adongo, yule jamaa wa raga kutoka Kenya waliyemsajili 2013. Ni kweli, ila Manning alikuwa ameshahamia Denver mwaka mmoja kabla, hawakukutana.)

Kichwa: hapa ndo kwake. Tafuta video yoyote ya Manning akiwa Denver halafu usiangalie mpira, mwangalie yeye kabla ya snapu. Anasogea mbele, ananyoosha kidole kwa mlinzi mmoja, anarudi nyuma, anamgusa mkimbiaji wake amhamishe upande, anapiga kelele "Omaha!" mpaka uwanja mzima unasikia, walinzi wanahama, na yeye akiona wamehama anabadili tena. Anakuja pale na michezo miwili au mitatu mkononi, yani mipango tofauti ya kuucheza mpira ule mmoja. Akiona masefti (walinzi wa nyuma kabisa) wawili wamesimama mbali nyuma anajua katikati kumepungua watu, anampa mkimbiaji. Akiona mmoja kashuka mbele anajua nyuma kuna uwazi, anatupa. Mpira ukifika mkononi jibu analo, zile sekunde mbili na nusu anazitumia kuthibitisha tu.

Mkono: haukuwa wa kutisha hata siku zake nzuri, na baada ya matatizo ya shingo na upasuaji yaliyomkosesha msimu mzima wa 2011, mpira wake ulikuwa unayumba hewani kama bata aliyepigwa jiwe. Sasa angalia: 2013, na mpira huo huo unaoyumba, akatupa yadi 5,477 na tachidauni 55 (tachidauni ni kuufikisha mpira mwisho wa uwanja wa wapinzani, ndo bao kubwa), rekodi zote mbili za msimu mmoja. Kwa sababu unayumba lakini unafika kabla ya mlinzi.

Miguu: hamna. Vihatua vidogo vidogo vya haraka kama mtu anayekanyaga mchanga wa moto, basi. Ila kumwangusha na mpira mkononi ilikuwa kazi maana anauachia mapema.

Presha: mchanganyiko, tuseme ukweli. Oktoba 2003 kule Tampa walikuwa nyuma 35 kwa 14 zimebaki dakika chini ya 4, wakashinda 38 kwa 35 kwenye muda wa ziada, dhidi ya mabingwa watetezi. Januari 2007 walikuwa nyuma 21 kwa 3 mbele ya Patriots ya Brady wakashinda 38 kwa 34, na baada ya hapo wakabeba Super Bowl, fainali ya ligi. Upande wa pili, fainali ya 2010 na Saints pasi yake ya dakika za mwisho ilinaswa na Tracy Porter ikarudishwa moja kwa moja mpaka tachidauni, na fainali ya 2014 na Seattle mchezo wa kwanza kabisa mpira ulirudishwa ukampita juu ya kichwa akiwa bado anasogea kupanga watu, wakala 43 kwa 8.

Mwili: shingo nimeshaisema. Msimu wa mwisho, 2015, alikuwa kaisha, tachidauni 9 na pasi 17 zilizonaswa, na bado akaondoka na pete ya pili akiwa na miaka 39 kwa sababu ulinzi wa Denver mwaka ule ulikuwa balaa. Ndo maana nikasema pete sipimii.

Anamfaa: mtu anayependa kusoma, mtoto asiye na mbio wala mkono wa ajabu ila anakumbuka kila kitu. Ubaya wake ni kwamba haigiki kirahisi. Mtoto wa miaka 14 kocha kampa michezo 12 na hamruhusu kubadili hata mmoja, sasa akisimama pale apige kelele za Omaha atarudishwa benchi. Kwa Manning anachoweza kuchukua ni ile tabia ya kuwatazama masefti kabla ya snapu, hiyo hata kocha hawezi kukukataza.

Tom Brady: anayetulia nyumba ikibomoka

Huyu hadithi yake mnaijua, mtu wa 199 kwenye drafti ya 2000, raundi ya sita, makwotabeki sita walitajwa kabla yake. Yadi 40 alikimbia kwa sekunde 5.28, ambayo kwa ligi ile ni kama mtu anayewahi daladala na mfuko wa mchele. Septemba 2001 kwotabeki wa Patriots, Drew Bledsoe, akagongwa vibaya, Brady akaingia, na kiti hakikurudi kwa mwenyewe.

Kichwa: sio mdogo kwa Manning ila anafanya kazi saa nyingine. Manning anasoma zaidi kabla, Brady alikuwa mtamu zaidi baada ya snapu: wa kwanza kafungwa, wa pili kafungwa, wa tatu huyu hapa, mpira umeshaondoka, na hayo yote hujamaliza kusema neno.

Mkono: wa kawaida mzuri. Miaka mingi aliishi kwa pasi fupi, yadi 6, yadi 8, kwa watu wadogo wadogo kama Welker na Edelman, watu wakacheka wakasema anatupa pasi za kizee. Zile pasi za kizee zikikusanywa miaka 23 zinakuwa yadi 89,214, rekodi.

Poketi: hapa nitakaa kidogo kwa sababu mi ndo kitu ninachokipenda kuliko vyote kwenye mchezo huu na hakionekani kwenye vile vivideo vifupi. Mwangalie Brady miguu tu, ziba nusu ya juu ya skrini kwa mkono kama mimi. Mtu anakuja kutoka kulia, anazunguka kwa nje, Brady hakimbii, anapanda mbele nusu hatua, mtu anapita nyuma yake anashika hewa. Mwingine anakuja kushoto, robo hatua kulia. Macho muda wote yako mbali kwa marisiva, hajamwangalia hata mmoja kati ya wanaotaka kumuua. Nusu hatua. Mtu mwenye mbio angekimbia na mchezo ungeharibika, huyu kwa kuwa hana pa kukimbilia akajifunza kuishi kwenye chumba cha mita mbili.

Presha: fainali ya Februari 2017, Houston, Patriots nyuma 28 kwa 3 robo ya tatu. Watu wanasahau kwamba shimo lile alisaidia kulichimba, pasi yake ilinaswa na Robert Alford akaikimbiza yadi 82 mpaka tachidauni na Brady akajirusha kumzuia akaanguka kifudifudi kama gunia. Halafu kuanzia pale, pasi fupi, pasi fupi, pasi fupi, James White peke yake alishika 14, mpaka ikawa 28 kwa 28 na muda wa ziada 34 kwa 28. Yadi 466 usiku mmoja. Hakuna kitu cha miujiza ukiziangalia moja moja, ni mtu anayefanya kitu kile kile cha dakika ya kwanza akiwa dakika ya 58.

Alipopatikana: Februari 2008. Patriots walikuja fainali hawajafungwa mechi hata moja, 18 kwa sifuri, Giants wakampelekea watu kupitia katikati, sio pembeni, wakamwangusha mara 5, wakashinda 17 kwa 14. Mtu wa nusu hatua ukimzibia ile nusu hatua ya mbele hana kwa kwenda.

Mwili: msimu wa 2008 goti liliisha mechi ya kwanza, ukitoa huo alikuwa anadumu kama Land Rover ya zamani. Pete ya saba kaichukulia Tampa na miaka 43.

Anamfaa: karibu kila mtoto anayeanza, kwa sababu miguu ya ndani ya poketi inafundishika uani kwako na ndoo nne na mjomba mmoja anayekukimbilia. Hamfai mtu ambaye wale watano wake wa mbele ni dhaifu, na timu nyingi za shule, ukweli usemwe, ndo ziko hivo.

Patrick Mahomes: anayerefusha muda

Baba yake alikuwa mrushaji wa besiboli ligi kuu na hiyo ukishaijua unaelewa kila kitu, mtoto kakulia kwenye uwanja ambao watu wanarusha kutoka pembe yoyote mwili ukiwa umepinda vyovyote. Drafti ya 2017 wa 10, Kansas City, akakaa msimu mzima nyuma ya Alex Smith akianza mechi moja tu. Halafu 2018 akaanza kazi rasmi: tachidauni 50, yadi 5,097, MVP.

Mkono: nguvu ipo, usahihi upo, ila la ajabu ni pembe. Anatupa kwa pembeni chini ya mkono wa mlinzi, anatupa akiwa hewani, 2018 kule Denver alikuwa anafukuzwa akahamisha mpira mkono wa kushoto akautupa, na ukafika. Mwaka ule ule na Ravens akatupa huku anaangalia upande mwingine.

Sasa hapa lazima niseme ya mpwa wangu. Wiki ya pili ya majaribio naenda kumchukua, namwona anarudi nyuma, hakuna hata mtu anayemfukuza, anageuza shingo kushoto, anatupa kulia. Mpira ukaenda kifuani kwa mlinzi wa upande wa pili, safi kabisa kama zawadi, yule mtoto hata hakuamini, akasimama kwanza ndo akakumbuka kukimbia. Kwenye gari kimyaa. Mwisho akasema "Anko, lakini ye si anafanya hivo?" Nikamwambia ye anajua yule sefti anamwangalia machoni, anamdanganya mtu mmoja maalum, we ulikuwa unamdanganya nani? Akasema kamera.

Kichwa: na hilo ndo watu hawalioni kwa Mahomes, wanadhani ni mpira wa mtaani tu. Fainali ya Februari 2020, nyuma 20 kwa 10 robo ya mwisho, dauni ya tatu na yadi 15 (jaribio la tatu kati ya manne, na bado wanahitaji yadi 15), yeye ndo aliyeuliza benchi kama kuna muda wa kucheza mchezo mmoja unaoitwa Wasp. Ule mchezo unahitaji risiva aende mbali akate kurudi pembeni, maana yake kwotabeki arudi nyuma sana na asubiri. Akarudi karibu yadi 14, jitu linamfikia, akaachia akiwa anaanguka nyuma, yadi 44 kwa Tyreek Hill. Toka pale pointi 21 mfululizo, 31 kwa 20. Kuona mapema kwamba sefti atakosea, hicho ni kichwa.

Poketi na miguu: anakimbilia nyuma na kulia, kitu ambacho makocha wote duniani wanakataza.

Presha: Januari 2022 na Buffalo, zimebaki sekunde 13, wako nyuma 36 kwa 33. Pasi moja yadi 19, pasi ya pili kwa Kelce yadi 25, teke la kusawazisha, muda wa ziada wakashinda 42 kwa 36. Sekunde 13 mi naufunga mkanda tu wa kiti.

Alipopatikana: wale wa mbele wakiisha. Februari 2021 na Tampa, nguzo zake mbili za pembeni zilikuwa zimeumia, akakimbia uwanja mzima usiku kucha, 31 kwa 9. Februari 2025 na Eagles, waliwatuma wanne tu bila mtu wa ziada, wakamwangusha mara 6, 40 kwa 22. Kurefusha muda kuna mwisho.

Mwili: anaumia kama wengine ila Januari 2023 kifundo kilimteguka na wiki tatu baadae akabeba ubingwa anachechemea.

Anamfaa: mtoto ambaye tayari ana mkono na tayari anajua misingi, na ambaye kocha wake ana roho ngumu. Na anamfaa sana mtazamaji, kama unataka tu kufurahi na chai yako usiku.

Lamar Jackson: anayempotezea mlinzi muda

Pompano Beach, Florida. Heisman ya 2016 akiwa Louisville, tuzo kubwa kuliko zote za vyuo, na bado kabla ya drafti wazee wenye majina walisema hadharani ahamie kuwa risiva. Akachukuliwa wa 32, wa mwisho raundi ya kwanza, na Baltimore Ravens. Mechi ya kwanza ya 2019 akatupa tachidauni 5 dhidi ya Miami akasema sio mbaya kwa mkimbiaji. Hilo jibu nalipenda mpaka leo.

Kichwa: anasoma tofauti. Chukua mchezo mmoja: Ravens wanamwacha mlinzi mmoja wa pembeni bila kumzuia, kwa makusudi. Lamar anaweka mpira tumboni kwa mkimbiaji lakini haachii, macho yako kwa yule mlinzi mmoja. Mlinzi akimfuata mkimbiaji, Lamar anauchomoa na kuondoka nao. Mlinzi akibaki, mkimbiaji anapewa. Yani mlinzi akienda kakosea na akibaki kakosea, na kusita kwake nusu sekunde ndo yadi 12. Huku nyuma masefti nao wameshashuka kuogopa miguu, kwaiyo mpira wa juu uko wazi.

Mkono: maneno ya "hajui kutupa" yaishe. 2024 alitupa yadi 4,172, tachidauni 41, zilizonaswa 4 tu, na akakimbia yadi 915 juu yake. MVP anazo mbili, ya 2019 kwa kura zote.

Miguu: yadi 1,206 msimu wa 2019, rekodi ya kwotabeki. Ule mzunguko aliowafanyia Bengals Novemba ile, watu watatu walibaki wanatafutana.

Presha: hapa ndo wanaompinga wanasimama, Super Bowl hajaifika. 2019 walimaliza msimu wameshinda mechi 14 na kufungwa 2, wakatolewa mechi yao ya kwanza ya mtoano na Titans, 28 kwa 12. Januari 2024 wakafungwa nyumbani na Kansas City, 17 kwa 10. Lakini Januari 2025 kule Buffalo kwenye theluji alishusha timu uwanja mzima, tachidauni imebaki dakika moja na nusu, wanahitaji pointi 2 kusawazisha, akautupa kwa Mark Andrews ukamfika mikononi, ukadondoka. 27 kwa 25. Hiyo utamwandikia nani?

Mwili: mwisho wa 2021 na mwisho wa 2022 alikuwa nje, na ndo bei ya miguu. Kapunguza, sa hivi anajirusha chini au anatoka nje ya mstari mapema.

Anamfaa: mtoto mwenye mbio anayeambiwa kila siku ahamie nafasi nyingine. Na timu ambayo wale watano wa mbele sio wazuri, kwa sababu yule mlinzi asiyezuiwa ni mtu mmoja umepunguziwa kazi.

Kwaiyo umchukue nani

Kama mtoto wako ndo anaanza, miaka 10 mpaka 14 hivi, anza na miguu ya Brady. Sio mechi nzima, dakika kumi kwa siku, funika skrini nilivosema, halafu ndoo nne uani.

Kama ana mbio na kocha anataka kumhamisha, mkalishe na video za Lamar za 2024 na sio za 2019, aone mtu aliyeongeza mkono juu ya miguu bila kuitupa miguu. Na mwambie ajifunze kujirusha chini, hilo ni zoezi kama mazoezi mengine.

Kama timu yenu mbele ni pazia tu, Manning atasaidia kujua pasi iende wapi mapema na Lamar atasaidia kupunguza mtu mmoja. Brady atakufa humo na Mahomes atakimbia sana mpaka achoke.

Kama unacheza flagi, ile ya kuchomoana vitambaa kiunoni ambayo inaingia Olimpiki ya Los Angeles 2028, kwa watu watano kwa watano kwotabeki haruhusiwi kuvuka mstari na mpira kwa miguu yake mwenyewe, na hana wale wanene wa kumkinga. Hapo miguu ya Lamar inapungua thamani. Kasi ya kuachia ya Brady na zile pembe za Mahomes ndo mali.

Kama mtoto tayari ni kwotabeki wa shule, ana mkono, na amechoka na misingi, mpe Mahomes, lakini kila akiona pasi ya ajabu arudishe video nyuma akwambie ni mlinzi gani aliyedanganywa. Akishindwa kumtaja, hairuhusiwi kuijaribu kwenye mechi ya Ijumaa. Hii ndo sheria ya nyumbani kwetu sasa na imepunguza mengi.

Na kama uko Dar au Mombasa unataka kuangalia tu, mechi za mapema za Jumapili zinaanza saa mbili usiku kwenu, zikifika Novemba saa tatu, na Super Bowl ni saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu, omba ruhusa kazini mapema. Kwa usiku kama huo mtafute Mahomes au Lamar kama wanacheza, wanakuweka macho. Manning na Brady wamestaafu, hao ni wa kuangalia mchana ukiwa na kalamu.

Mpwa wangu kachagua Brady miguu na Lamar moyoni. Jumamosi iliyopita kanisogezea ndoo ya tano uani, hajaniambia ni ya nini.